Gololi Ina Sheria Gani?

Baba, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe kwa sauti yako nzito, mama akacheka huko jikoni.

Arobaini yako imepita salama. Kibanda chako cha baiskeli pale Kanyenye hatujakifunga. Mdogo wangu Saidi ndiye anayeziba pancha sasa. Mikono yake mizito, lakini wateja wanamvumilia kwa ajili yako.

Kuna jambo linanikera. Unakumbuka nilipokueleza kwamba chembe ndogo kabisa zinaweza kupita njia mbili kwa wakati mmoja? Ulikuwa unafungua gurudumu. Ukaninyooshea gololi imejaa grisi: "Na hii je? Si imeundwa na hizo chembe zako? Mbona haiji kwako na kwangu kwa mpigo?" Nikasema vikubwa vina sheria zao, vidogo zao. Ukauliza mpaka uko wapi. Nami, mwalimu mzima wa fizikia, nikakujibu, "Baba, hilo halimo kwenye mtaala."

Ukacheka, ukarudi kwenye grisi yako. Hukuniuliza tena. Hapo ndipo panaponiuma.

Juzi shuleni kwangu kule Isikizya, binti mmoja wa kidato cha sita ameniuliza swali lako hilohilo. Lo! Nusura nilie mbele ya darasa. Safari hii nikasema sijui, nikaenda kusoma. Wanafizikia wengi wanaona sheria ni moja tu, Baba. Ila gololi haiachwi peke yake: hewa inaigonga, mwanga unaigusa, na kila kinachoigusa kinaondoka na habari ya mahali ilipo. Uwili wake, ule wa kupita njia mbili, unapotea kabla hujapepesa jicho. Na mpaka? Hakuna aliyeuona bado, mabingwa wenyewe wanabishana. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nisamehe.

Gololi yako moja nimempa yule binti. Alifurahi huyo!

Watu wakikuuliza "Upo?", ulikuwa ukijibu "Nipo nipo tu," nami nikikutania kwamba unajitaja mara mbili, kama chembe. Jana nimekuta shati lako la kazi bado limetundikwa kibandani. Nikajikuta nimeuliza kwa sauti, "Upo, Baba?" Saidi akainamia pancha yake.

Mola akutie kauli thabiti utakapoulizwa huko kaburini, thabiti kuliko ile yangu ya mtaala. Nakuahidi sitamfunga mdomo tena mtoto wa mtu kwa neno hilo. Na kila nikipita kibandani nitauliza kama upo. Jibu nalijua.

Mwanao,
Zuhura