Mkono wa Roboti Usiojua Kuachia

Mwaka umetimia, dada yetu, tangu ulipotutoka na kuuacha mkono wa roboti juu ya meza ya karakana, vidole vimekunjwa nusu.

Uliutengeneza umwinue mama kitandani. Migongo yetu ilikuwa imechoka, na mama naye kachoka kusubiri watu ndipo ageuzwe.

Ulikuwa na utaratibu wako. Kwanza mkono ulishike yai na kuliachia, kisha nyanya iliyoiva, kisha kifundo cha mkono wako mwenyewe. Ulitembea na alama nyekundu kama mtu aliyegombana na mbwa. Shemeji, mumeo, akilalamika, unamjibu, "Afadhali mkono uniume mimi fundi wake kuliko umkwaruze mama."

Jirani akileta feni mbovu, hukumtengenezea tu. Ulimkalisha ukamfundisha, akarudi kwake na grisi hadi kwenye kucha na kicheko juu.

Hukutudanganya. Ulisema roboti za leo zina nguvu za punda na ngozi ya sufuria. Bado inatakiwa ngozi inayohisi, betri ya kufika jioni, na akili ya kutii neno "basi" papo hapo. "Kushika si kazi," ulisema. "Kazi ni kuachia."

Tulikosea, utusamehe. Mwezi wa nne tuliufunga ule mkono wa roboti kwenye kitanda cha mama, tukaupima kwa mito tu. Hakuna aliyetoa mkono wake. Ukamwinua mama vizuri. Mama akasema, "Basi." Ukang'ang'ania. Tukahesabu pumzi kumi na moja, mama yuko hewani anatusema: "Ndiyo mmenianika, wanangu?" Leo tunacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Shemeji akataka kuufungia stoo. Mama akamkatalia: "Mkwe wangu, mwanangu hakuwa fundi wa stoo."

Tangu hapo kila Jumamosi tunapima kwa utaratibu wako, haturuki hatua. Binti yako mkubwa ameingia chuo kusomea hiyo ngozi ya kuhisi. Juzi mama alinyoosha mkono: "Leteni hapa, waoga nyinyi." Tulimkatalia. Wa kuumwa kwanza ni sisi.

Jumamosi iliyopita mkono ulichelewa kuachia kwa pumzi moja. Moja tu, lakini ipo, na mama hapandi mpaka iishe. Tutaifuata hata miaka kumi.

Unakumbukwa na mama, mumeo, binti zako wawili, shangazi wa karakana ya pili kutoka yako, na kaka yako asiyekaa mahali pamoja, ambaye safari hii amekaa.

Hutatutoka moyoni kamwe, na kazi yako haitalala.