Nani Anaiamsha Kompyuta Yangu?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana humu ndani kila mtu amenuna na mkosaji nimefanywa mimi, wakati aliyekosewa ni mimi, na ukisoma mpaka mwisho utaniambia mwenyewe kama nina kosa au sina.

Kazi yangu ni kuchapa. Nachapia nyumbani, barua za watu, risala, katiba za vikundi, kazi za wanachuo wasiojua nukta inakaa wapi, na kompyuta yangu ndiyo jembe langu, sili juu yake, simwazimi mtu. Nikienda jikoni au sokoni siizimi, naiweka ilale, kioo kinakuwa cheusi na kitaa cha mbele kinapepesa taratibu, nikirudi nagusa kipanya inaamka na kazi naikuta pale pale nilipoiacha. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na kompyuta yangu miaka minne bila ugomvi.

Sasa tangu mama mkwe aingie kwenye kile chumba, kompyuta inaamka yenyewe. Naiacha imelala, narudi naikuta iko macho. Mama mkwe alikuja nilipofanyiwa upasuaji, akanipikia na kunifulia miezi mitatu, sikatai, nilimshukuru, lakini nilipopona hakuondoka, mume wangu akasema mama atakaa, na cherehani yake ikaletwa. Chumba chenye mwanga wa maana ni kimoja tu, kwa hiyo meza yake ikasukumwa ikaungana na yangu, mimi nachapa huku, yeye anashona huku. Ni cherehani ya miguu, ile nzito ya chuma, akianza kuikanyaga hata kikombe changu cha chai kinatembea mezani, juzijuzi nimekidaka kikielekea ukingoni. Nilivumilia. Mimi ni mvumilivu, uliza mtu yeyote.

Na si hilo tu. Miwani yake ilivunjika mwezi uliopita, mume wangu kila siku kesho, kesho, kwa hiyo nikiwa katikati ya ukurasa naitwa, mwanangu njoo unitungie uzi kwenye sindano, natunga, nakaa, uzi unakatika, mwanangu njoo tena, kana kwamba mimi niko pale napunga upepo.

Nikaanza kufuatilia. Siku moja nikiwa jikoni nachambua mchele nikasikia cherehani inalia, nikanyata, nikachungulia, kioo kinawaka, yeye kainamia kitambaa chake kama hajui kitu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu alikwenda kumwona jirani, cherehani kimya, na kompyuta ikalala asubuhi nzima kama mtoto aliyeshiba. Nikajumlisha. Cherehani ikilia kompyuta inaamka, cherehani ikinyamaza kompyuta inalala. Maana yake ni nini kama si kwamba mguu anauweka kwenye cherehani ili mimi nisikie mlio nitulie, huku mkono uko kwenye kompyuta yangu unapekua? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu alikuwa na sindano kabisa.

Anapekua nini? Hapa nitasema ukweli kwa sababu nimeamua kusema. Ndani ya kompyuta kuna faili nimeliita Mapishi. Hakuna pishi hata moja. Ni mahali ninapoandika yaliyo moyoni, na kwa bahati mbaya mengi yaliyo moyoni yanamhusu yeye, jinsi anavyopanga upya sufuria zangu, jinsi anavyoonja mchuzi halafu anakaa kimya, zimefika kurasa kumi na nne. Sasa fikiria mtu anakula na wewe meza moja na wewe hujui amefika ukurasa wa ngapi.

Nikatega. Nilichukua poda, nikanyunyiza juu ya kibodi na mgongoni mwa kipanya, kiasi cha kutoonekana, nikatoka nikaenda dukani. Nimerudi, cherehani inalia, kioo kinawaka, na poda iko vile vile, haina alama hata ya ukucha. Nikasema huyu mama ni hatari kuliko nilivyodhani, maana hatumii vidole. Anatumia ile rula yake ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa.

Jumapili wifi yangu alikuja na mumewe kula chakula cha mchana. Nikaleta kopo la poda nikaliweka katikati ya sahani, nikasema yote, isipokuwa habari ya Mapishi. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akasema, "Mwanangu, mimi sijaigusa. Hicho kioo chako naona kama ukungu tu." Nikamwambia, "Mama, maigizo tuwaachie wenye kazi hiyo." Wifi yangu akasema, "Wifi, hilo kopo litoe, watu wanakula." Hakuna aliyekula. Mama mkwe alikwenda kukunja nguo zake mwenyewe, akaondoka na wifi, cherehani wakaiacha kwa sababu ya uzito.

Leo ni siku ya kumi na moja. Mshauri, tangu siku ile kompyuta haijaamka yenyewe hata mara moja. Nimemwonyesha mume wangu, nikamwambia unaona, mwizi kaondoka na wizi umekoma. Yeye ni muuguzi, amezoea kuona watu wakilia, lakini siku hiyo alivua viatu akakaa na kiatu mkononi, akasema, "Mke wangu, utakwenda mwenyewe kumchukua mama, au usinisemeshe." Na kweli hanisemeshi, ananipita kwenye korido kama nguzo.

Barua hii naiandika kwa mkono kwa sababu poda imeingia ndani ya kibodi na vitufe vinanata, na hilo nalo namhesabia mama mkwe. Swali langu ni hili: kwa nini niombe radhi mimi niliyepekuliwa? Na akirudi, nimwekee masharti gani?

Mimi,
Niliyepekuliwa

*

Marahaba, Uliyepekuliwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa. Mara ya pili nilikuwa nimesimama, nazunguka meza, na mwenzangu wa dawati la pili akaniuliza nimegombana na nani.

Nimegombana na wewe. Kwanza pole kwa upasuaji, na pole kwa kuishi nyumba ambayo chumba chenye mwanga ni kimoja. Kugawana meza na mkwe si jambo dogo, na mtu anayeitwa katikati ya ukurasa ana haki ya kukasirika. Mumeo naye ana lake, nitamfikia. Lakini pole zangu zinaishia hapo, maana umemfukuza mtu kwa ushahidi ambao wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, unamtetea yeye.

Umenyunyiza poda. Umeikuta haijaguswa. Mtu mwingine angesema, kumbe hakuna aliyegusa. Wewe ukaleta rula. Hiyo rula ya mbao, bibi, ilibonyeza vitufe vyenye poda bila kuacha alama vipi? Ilikuwa inapita hewani?

Barua yako nilivuka nayo barabara nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda mbele ya ofisi yetu, mwanamke wa maneno machache sana. Nilimsomea mpaka pale kikombe chako kinapotembea. Akaniinulia mkono.

"Basi, Mama, inatosha. Kipanya chake kina taa nyekundu chini?"

Nikamwambia sijui, lakini vingi vinayo.

"Kitakuwa nayo. Kile hata kompyuta ikilala, chenyewe kinabaki macho. Meza ikitikisika kinadhani kimeguswa, kinaiamsha. Mteja wangu mmoja alimshuku mlinzi. Ilikuwa feni."

Hiyo ndiyo habari yote. Meza mbili zimeungana, cherehani ya chuma inakanyagwa, meza inatikisika, kipanya kinasogea unywele mmoja, kompyuta inaamka. Cherehani ikilia kompyuta inaamka, ikinyamaza inalala. Uliyaandika haya wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na bado hukuyaona. Na zile siku kumi na moja unazojivunia ni siku kumi na moja ambazo hakuna aliyekanyaga cherehani. Ndiyo maana kompyuta yako imelala vizuri. Mkweo hakuipekua, alikuwa anashona.

Usiniamini mimi. Leo hii hii ilaze kompyuta, kaa kwenye kiti chake, kanyaga cherehani kavu bila uzi wala kitambaa, uangalie kioo. Kikishawaka, ilaze tena, kigeuze kipanya kilale chali, kanyaga tena. Haitaamka. Mwite mumeo ashuhudie, hata kama hakusemeshi. Macho anayo.

Kisha utengeneze. Ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, kwenye orodha ya vifaa, utafute kipanya. Ndani yake kuna sehemu ya umeme, na hapo kuna kisanduku chenye alama ya tiki kinachokiruhusu kifaa hicho kuiamsha kompyuta. Ondoa tiki. Kuanzia hapo utaiamsha kwa kubonyeza kitufe cha kibodi, na meza hata icheze ngoma haitakusumbua. Zisogeze na meza ziachane kidogo, kiganja kimoja kinatosha, chai yako nayo ipone. Fundi anasema ukiona bado inaamka wakati kila kitu kimetulia, basi inaamshwa na waya wa mtandao, au na programu inayojisasisha kwa saa yake iliyopangiwa, na hivyo navyo vinazimwa humo humo kwenye mipangilio. Angalia saa inayoamka. Ikiwa ni ile ile kila siku, hiyo ni ratiba, si mkwe. Nakuomba sana usitafute mtu mwingine wa kumwekea poda.

Kibodi igeuze kichwa chini, ikung'ute, ipite kwa brashi kavu ya rangi. Usitie maji. Na usimhesabie mama wa watu poda uliyoinyunyiza mwenyewe, hapo ndipo niliposimama.

Sasa tuje kwenye kilichokuuma hasa, maana si kompyuta. Mtu asiye na Mapishi asingeshtuka kioo kikiwaka. Angekilaza tena akaendelea na mchele wake. Wewe ulishtuka kwa sababu kurasa kumi na nne zilikuwa zinakusuta, ukaona kila anayepita karibu amezisoma. Methali uliyoitupa ichukue, ni yako. Kilichokuwa kinakula kilikuwa nguoni mwako wewe. Lifute hilo faili kabla hujatoka nyumbani. Kama kweli sufuria zinakuudhi, mwambie, Mama, sufuria hii naipenda ikae hapa. Ni sentensi moja, haihitaji kurasa kumi na nne.

Kwako, baba muuguzi, maana najua gazeti hili utalikuta mezani: miwani ya mama yako ina mwezi mzima haijatengenezwa. Kesho, kesho, na katikati ya kesho zako mkeo amekatizwa kazi na mama yako amekuwa kipofu wa kuitaita. Kununa ni kazi rahisi. Kesho asubuhi, kabla hujaingia zamu, mpeleke mama kwa mtengeneza miwani.

Nirudi kwako, dada. Umeniuliza masharti ya kumwekea akirudi. Huna. Umeniuliza pia kwa nini uombe radhi wewe, na jibu lake uliliandika mwenyewe ukidhani unalalamika. Umesema kila mara alikuwa akikuita umtungie uzi. Mama huyu haoni tundu la sindano iliyo chini ya pua yake. Uzi mweusi, kitambaa cheupe, dirisha wazi, na bado anaita mwanangu njoo. Huyo ndiye uliyemwona akisoma kurasa zako kumi na nne, zenye herufi ndogo, kutoka kwenye kioo cha meza ya pili, huku akishona. Alikwambia mbele ya watu kwamba kioo chako ni ukungu. Ukamwambia anaigiza.

Kwa hiyo nenda. Usimtume mumeo, usipige simu. Nenda nyumbani kwa wifi yako mchana, wakati wote wapo, kwa sababu ulimvunjia heshima mbele yao na heshima hurudishwa pale pale ilipovunjwa. Sema umekosa, useme na ulichokosa, habari ya kipanya usiianze mpaka umalize. Wakikununia, nuniwa. Ulilipanda kopo la poda katikati ya sahani zao, hilo ndilo lililoota.

Halafu, ukishasema, usikae na mikono mitupu. Sijui kama kwa wifi yako kuna cherehani, lakini mtu aliyeshona maisha yake yote hakosi sindano mahali, kwenye kitenge chake au kwenye kifuko. Iombe. Tunga uzi mrefu, ufunge fundo, umpe mkononi. Akikwambia mwanangu, ujue ndivyo alivyokuwa anakuita siku zote.