Taa ya Hakuna Nafasi

Niagara Falls, Ontario
9 Oktoba 2019

Mdogo wangu Ginevra,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako linaistahimili baridi ya mwaka huu. Mimi ukiniuliza hali nitakwambia kweli: si mzima, wala sitarajii kuwa. Ini limechoka, na daktari anahesabu majuma, si miezi.

Usiishangae anwani. Niko katika ile hoteli ya matofali, mbali na maporomoko na kelele za watalii, nilikofanya kazi mapokezi nikiwa mwanafunzi, nikawatafutia wewe na mumeo chumba cha fungate kwa kuwa palikuwa patulivu na bei mliiweza. Bado patulivu, bado nafuu. Perpetua wa mapokezi hunitania kila asubuhi: eti babu gani huyu, wenzake wanavuka bahari kuja kuona maji yakianguka, yeye anakodolea macho maegesho ya magari! Namjibu kwamba maji nimeshayaona, yanaanguka vilevile. Hucheka, akaniletea supu.

Lakini ni kweli natazama maegesho. Hapo ndipo Baba alipolisimamisha lori lake, siku ya pili ya fungate yako.

Ndiyo, Ginevra. Alikuja.

Unakumbuka alivyoapa kwamba hatakanyaga harusi ya binti yake na Mprotestanti. Kiti chake kilibaki kitupu, na wageni wakaondoka bila lozi za sukari, zile tano tano tunazomgawia kila mgeni kuwatakia maharusi heri, maana yeye ndiye aliyepaswa kuzileta. Mashangazi wakanong'ona kwamba harusi isiyo na lozi ni msiba wenye keki. Ulilia. Kesho yake mchana nikaliona lori likiingia, nanyi mko ghorofani, nawasikia mkicheka. Nikaiwasha ile taa ya nje ya HAKUNA NAFASI, ingawa vyumba tisa vilikuwa vitupu.

Aliingia na suti ya kanisani, kofia mkononi, na kifuko cha lozi tano. Akasema kichwa chake ni kigumu kuliko zege analomwaga, lakini kimepasuka, na anataka kukuomba radhi. Nikamwambia tumejaa, nanyi mmekwisha kuondoka. Akauliza kama umemwachia neno. Nikasema umeniachia: kwamba huna baba.

Aliweka kifuko mezani, akatoka. Hakukutafuta tena. Wala hakuniuliza hali yangu. Miaka minne alikuwa hasemi nami, tangu nilipochagua vitabu nikaacha mwiko wa uashi, na kwa ajili yangu hakuwahi kuliwasha lile lori. Hiyo ndiyo sababu yangu. Ni ndogo hivyo.

Alipokufa ulikataa kumzika, ukasema asiyekuja harusini kwako usimwendee mazikoni kwake. Nilikuwa nimekushika mkono. Nikanyamaza.

Lozi zimo ndani ya bahasha hii. Sukari imegeuka kijivu, lakini zote tano zipo. Ni zako.

Sikuombi msamaha. Nimefundisha Kilatini miaka thelathini, na sina neno la kuuombea katika lugha yoyote. Nenda kwanza kaburini kwake. Baada ya hapo, fanya utakavyo. Nimemwagiza Perpetua kwamba akija bibi mwenye fimbo kuniulizia, hata kama hoteli imefurika, asithubutu kumwambia hakuna nafasi.

Wasalimie wajukuu, na ujifunike vizuri.

Kaka yako,
Ottorino