Kofia ya Ngozi Jikoni kwa Mama Anande

Neema mdogo wangu,

Baba ameamkaje? Huku Kirua Vunjo ni mvua tu, mlima sijauona tangu nifike. Jana tulikuwa tunakula mtori wa ndizi na nyama jikoni kwa Mama Anande, mwenyeji wangu, pamoja na mzee wa Kimarekani aliyewahi kufundisha huku. Akatoa kwenye begi kofia ya ngozi iliyochakaa. Aliivaa uwanjani babu yake, mmoja wa watu wa kwanza kulipwa kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana vichwa. Uzeeni babu alisahau hata majina ya wanawe. Wao wakadhani ni ulevi, kumbe ni kule kugongana vichwa, wakamfungia mlango. Akafa hivyo.

"Huku kwetu ukiomba msamaha unapeleka isale, hata kaburini," Mama Anande akasema. Akatoka nje kwenye mvua, akachuma jani la isale mpakani mwa shamba, akampa. Mzee akalilaza ndani ya kofia. Mtori hakuumaliza.

Nami nikakumbuka miaka ya Baba ulingoni, na zile ngumi za kichwa tulizokuwa tukizishangilia. Neema, Baba akikuuliza tena wewe ni nani, usimfokee. Mtajie jina lako, halafu mtajie na langu.

Dada yako anayewawaza,
Stella