Sauti ya Mama Ilikuwa Bado Njiani

Sumbawanga

Dada yangu Namkunda,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba vuli haikuwaruka huko Mbaga. Mimi ni mzima, isipokuwa nimechanganyikiwa kichwani, na jambo lenyewe linakuhusu.

Unaikumbuka kaseti aliyonitumia mama nilipohamia huku, akizungumza kwa lugha yetu ya Chasu, kwa kuwa hakujua kuandika. Mkanda ulikuwa umechoka, nikampelekea Mama Furaha, fundi wa kompyuta hapa mjini, aunakili. Tuliusikiliza hadi mwisho. Kioo cha kompyuta kikaandika “imehifadhiwa”. Alipokuwa akiutoa mkanda, redio ya kaseti aliyouchezea ikautafuna, na kabla sijasikitika umeme ukakatika. Uliporudi, faili ilikuwapo na jina lake, “Mama”. Ndani hamna kitu.

Fundi alinieleza kwamba kompyuta hupokea kwanza kwenye kumbukumbu ya haraka, hukwambia tayari, kisha huandika kwenye diski kwa wakati wake. Jina lilishaandikwa, sauti ilikuwa ikingoja zamu. Nikasema naelewa, hata kwetu tuna ndiva: maji hukusanywa bwawani usiku, asubuhi hufunguliwa yaende mashambani.

“Ndiyo, mzee, ila bwawa hili umeme ukikatika linakauka.”

“Sasa mbona linatangaza kwamba shamba limeshanyweshwa?”

“Ili usingoje. Watu hawapendi kungoja.”

Dada, mimi ningengoja. Tangu hapo naligeuza neno lile “imehifadhiwa” na silielewi. Fundi asema si uongo, wala diski si mbovu. Alijaribu kuifufua faili, hakupata hata kikohozi. Je, kilichopokelewa ndicho kilichohifadhiwa? Na mimi niliyeyasikia yote siku ileile, mbona nimebaki na salamu tu, ya katikati yamenitoka?

Wewe ndiye uliyemshikia mama kinasa sauti, mmekaa jikoni. Mwambie binti yako akurekodi kwa simu. Sema alivyosema, kwa Chasu, usinitafsirie. Palipokupotea nyamaza, kisha uendelee, usinijazie. Alipocheka, cheka wewe, maana kicheko mlikuwa nacho kimoja.

Simu ikisema imetumwa, msiifute rekodi. Subirini nipige niwaambie nimesikia.

Nisalimie shemeji Eliamani na ng’ombe zake za Kisiwani, na shangazi Nakijwa, ambaye huenda naye anakumbuka mawili matatu.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Mbonea