Mwanangu Amekuwa Mkwe Wangu

Mpendwa Mama Mshauri, nishike mkono maana nimepotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Kamalondo, watu wangu walitoka Maniema, tunaswali, na mke wangu Chanda ni mtoto wa Kambove, wa wale wenyeji waliokuwa wakilima kule kabla mgodi haujachimbwa, tumeishi vizuri bila vita, na Mungu ametupa mtoto mmoja wa kiume ambaye tangu azaliwe tunamwita Kasimu, jina la baba yangu, na hapakuwa na neno. Sasa shule zimefunguliwa, na wewe unayajua mambo ya mwaka huu, majina ya kizungu yamekatazwa na serikali, kila mtu atafute jina la mababu, hata direkta wa shule tuliyemzoea kwa jina la Mesye Émile ukimwita hivyo leo anageuka kwanza kuangalia ni nani amesikia, yeye sasa ni Citoyen Kapya, yaani Raia Kapya, na ndiye aliyetangaza kwamba siku ya kufungua masomo kila mzazi atasimama mbele ya bendera alitaje kwa sauti jina la asili la mtoto wake, watu wote wasikie.

Mama, mwezi wa kufungua shule fundi hana hata muda wa kujikuna, mashati meupe na sketi za bluu vimejaa mpaka kitandani, kwa hiyo lile jambo la jina sikuliwaza hata kidogo, nikasema moyoni Kasimu si mzungu, atapita. Nikafika mbele ya bendera.

"Jina ya mutoto?" akauliza direkta.

"Kasimu."

"Kasimu ni jina ya bankambo, ya mababu?"

"Ni jina ya baba yangu."

"Na baba ya baba yako, yee aliitwaka nani?"

"Feruzi, sawa miye."

"Na hii Feruzi, aliitoaka wapi?"

Watu wakacheka, maana Feruzi nalo lilikuja na Waarabu, na nyuma yangu wazazi wamepanga mstari mrefu, jua linachoma, watoto wa animasyo, ile ngoma ya kuisifu serikali, wamevaa majani kiunoni wanangoja kucheza, nikachanganyikiwa, akili ikaruka, nikataja jina la kwanza la huku huku lililonijia mdomoni, nikasema Mulenga. Ni jina la marehemu baba yake Chanda, mzee wa heshima aliyefanya kazi mgodini Kambove mpaka akachoka. Direkta akapaza sauti, Mulenga! Uwanja mzima ukaitika, Mulenga! Ngoma ikapigwa. Na mimi, nakwambia ukweli, nilijiona nimefanya la maana, nimewaheshimu wakwe zangu, nikajua leo nyumbani nitachinjiwa kuku.

Kuku alichinjwa kweli, lakini si mimi niliyemla.

Maana pale pale uwanjani mama mkwe wangu, Mama Kunda, aliyekuwa ametoka Kambove kuja kumwona mjukuu akiingia kelasi mpya, alitoka katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya mtoto, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia wazee wao, machozi yanamtoka, akasema, "Bwana yangu, umerudia. Nilikungojaka sana." Nikatazama upande wa mke wangu nikitegemea atacheka, na yeye nikamwona amechuchumaa, anapiga makofi vile vile.

Sikujua, Mama Mshauri, naapa sikujua kwamba kwao jina la marehemu halichukuliwi ovyo, wazee wanakaa, wanaulizana, kisha linatajwa mbele ya watu, na likishatajwa mbele ya watu limeshakaa, na yule anayelibeba ni mzee mwenyewe amerudi. Kwetu jina ni jina tu, unampa mtoto jina la babu yake na bado unamtuma akanunue chumvi.

Tangu siku ile sijui nikueleze vipi. Mtoto anakaa kwenye kiti changu. Mke wangu anamwita Baba, na si mzaha, anainama akimpa maji, na kumwogesha hawezi tena, anasema nitamuogesha namna gani baba yangu, kwa hiyo mtoto anajimwagia maji mwenyewe, anatoka ana matope nyuma ya masikio. Mama Kunda amehamia kwetu, anamsimulia mambo ya kale kana kwamba walikuwapo pamoja, na mtoto anaitika, ndiyo nakumbuka, ndiyo nakumbuka, sijui anakumbuka nini. Na mimi, kwa desturi yao mkwe hali sahani moja na baba mkwe wake, hakai naye mkeka mmoja, hamkaripii, akikutana naye njiani anampisha, basi bukari yangu, huo ugali wetu, naletewa peke yangu uani, nakula nikisikia mwanangu anavyocheka ndani.

Nilimuuliza Chanda, tukiwa wawili tu, wewe unaamini? Akanijibu, "Miye pia sijue, Papa Kasimu. Nikimuangalia usoni naona mutoto yangu. Akigeuka mugongo, naona baba."

Ningevumilia, lakini jambo limefika shule. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja, mwalimu aliwaambia watoto wang'oe majani ya uwanja, na mwanangu akakaa kivulini, akasema wazee hawang'oi majani. Akachapwa fimbo. Mama Kunda, aliyekuwa mlangoni akimngojea, akaingia mpaka katikati ya uwanja. "Bwana yangu banamuheshimiaka Kambove yote," akamwambia yule mwalimu, kijana wa watu, "na weye wa jana njo utamupiga?" Akamshika mtoto mkono wakatoka, na mpaka leo hajarudi masomoni.

Nikamkimbilia direkta, nikamwomba alifute lile jina, mtoto arudi kuwa Kasimu. Akanitazama kwa huruma. "Papa Feruzi, ile jina tulishaipigia ngoma. Unataka tupige ngoma ingine ya kuifuta?" Kisha akainama karibu na sikio langu akasema, "Miye mwenyewe, mu nyumba muke yangu ananiitaka Émile, na ninaitika." Lakini huruma yake ikaishia hapo, alinieleza wazi kwamba watoto wanaotafuta nafasi wamejaa nje ya uzio, na Jumatatu kama kiti cha mwanangu ni kitupu atampa mwingine, na mwaka wake utakuwa umekwenda.

Nikienda kwa mama yangu, Mama Rabia, naye hataki kuniona, ananiuliza, "Kasimu yangu iko wapi? Ulimuzika baba yako mara ya pili?" Nikilibadilisha jina, wakwe watasema nimemuua mzee wao. Nikiliacha, mtoto hatasoma.

Na jambo lililonifanya nikamate kalamu ni hili. Juzi mtoto alianguka nje akachubuka goti, akaja mbio analia, anakuja kwangu pale kwenye mashine, na mimi nilipomwona anakuja, Mama, miguu ilisimama yenyewe, nikarudi nyuma nikampisha, kama mtu anavyompisha mkwe wake. Mtoto akasimama. Damu inamchuruzika mguuni, ananitazama, na mimi nimebaki na mkanda wa kupimia mkononi, sijui nimkumbatie au nichuchumae nimsalimie. Akageuka akaenda kulia nyuma ya nyumba peke yake. Mke wangu hakuwepo, Mama Kunda alikuwa sokoni, hakuna aliyenilazimisha, nilifanya mimi mwenyewe. Na sasa sijui yule ni nani, na mimi ni nani kwake. Nisaidie kabla ya Jumatatu.

Feruzi, fundi wa nguo, Kamalondo

*

Papa Feruzi,

Nilicheka, nisamehe, nilicheka mpaka wenzangu wa hapa gazetini wakaja kusoma begani kwangu. Tulipofika kwenye goti la mtoto nikawarudisha kwenye meza zao, nikashika kalamu. Kwa hiyo tuanze na hilo goti, mengine yatangoja. Ukimaliza aya hii liweke gazeti chini, nenda ulipo mwanao, mkalishe mapajani, na usimweleze kitu. Hajui mambo ya wakwe. Anachojua ni kwamba alikuja analia na baba yake akarudi nyuma.

Umekwenda? Haya, sasa nikugombeze.

Wewe ni fundi. Mteja akikuletea kitambaa chake cha thamani unapima kwanza, ndipo unakata. Jina la watu ulilikata bila kupima, tena mbele ya uwanja mzima, kisha ukatarajia mnofu wa kuku! Mkeo alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwako. Ungegeuka tu umuulize, "Mama Kasimu, nitaje nani?" Ulimwonea haya direkta, hukuwaonea haya wakwe. Kosa ni lako, na hakuna serikali ya kuisingizia.

Lakini hukufanya kwa ubaya, na hilo naliona. Halafu unaogopa kitu ambacho hukijui, kwa hiyo nikueleze, maana mimi ni wa watu hao hao wa mkeo. Nyinyi wasomaji mlinizoea kwa jina la Mama Edith, nililopewa na masista, na mwaka huu mnalazimika kuniita Mama Nkandu. Mimi sikulazimika, nimekuwa Nkandu tangu kitovu changu kilipoanguka. Ni jina la mama mkubwa wa mama yangu, na mama yangu mzazi aliniita Mama kila asubuhi ya Mungu. Nikivunja chungu, alinichapa. Alikuwa anachapa huku anaomba msamaha: "Mama unisamehe, napiga hii mutoto, weye sikupige." Na aliniogesha mpaka masikio, na nilienda kwa masista kusoma, na marehemu hakulalamika. Kwetu jina linaheshimiwa, na mtoto analelewa, na hakuna mtu aliyewahi kusema kimoja kinazuia kingine.

Mama Kunda anayajua haya kunishinda mimi. Basi kwa nini anamtoa mtoto shuleni? Ulimwandika vizuri kwenye barua yako bila kumwona. Amekuja kwa siku moja ya sherehe na hajarudi Kambove. Anasimulia ya kale mchana kutwa. Papa, huyo mama halindi desturi, huyo mama amemkosa mumewe. Alikuwa anakaa na nyumba tupu, ukampigia ngoma ukamwambia mumeo huyu hapa. Nani angemwachia mwalimu amchape? Mimi nisingemwachia.

Kwa hiyo usiende kwake na ugomvi, wala usipeleke shehe wala direkta. Jumapili hii mwendee hapo hapo nyumbani kwenu, wewe na mkeo na mzee mmoja wa upande wako, msichelewe. Chukua unga na kuku, na ushanga mweupe, Chanda anajua ni upi. Chuchumaa. Sema hivi tu: "Mama, nilichukua jina bila kuomba. Leo naomba." Kisha funga mdomo. Atalia, mwache alie. Akimaliza atasema maneno anayoyajua yeye, na atamfunga mtoto ushanga, na hapo jina litakuwa limetolewa na wenyewe. Ndipo mke wako, siyo wewe, amwombe mama yake azungumze na marehemu, kwamba mzee aruhusu mjukuu afundishwe, atumwe, aogeshwe, na akikosa achapwe kidogo. Hilo ombi ni la kawaida kabisa kwetu. Wewe ulikuwa unangoja mtu akuruhusu kula na mwanao, na kumbe mwenye kuruhusu analala chumba cha pili.

Chanda, najua na wewe unasoma. Unaona baba yako mgongoni mwa mtoto, sikatai, na mimi nawaona wangu. Lakini chukua sabuni, mama, yale masikio yasafishwe leo.

Mama Rabia naye asisahauliwe. Mpeleke mtoto kwake, aitwe Kasimu siku nzima, aitike. Shuleni ni Mulenga, kwa nyanya yake ni Kasimu, na nyumbani mwite unavyojisikia. Mji huu una watu wenye majina mengi kuliko hayo na wanajua njia ya kurudi kwao.

Na mwambie Mama Kunda kwamba siku za mapumziko mtoto atakwenda Kambove kukaa naye. Usiahidi kama hutatimiza.

Bado naisikia hofu yako: na akikataa? Akikataa kuku na ushanga na kila kitu, Jumatatu asubuhi mvalishe mtoto shati ulilomshonea, mshike mkono, mpitie mlango wa mbele, na muende masomoni. Mama Kunda atakulaumu njia nzima. Mwache akulaumu, lawama za mama mkwe hazijawahi kuua mtu hapa Lubumbashi. Huyo mtoto anaweza kuwa babu ya watu, mume wa watu, mzee wa Kambove yote. Wa kumshika mkono ni baba yake, na baba anaye mmoja tu, ambaye wiki nzima amekaa kuandika barua gazetini.

Mama Nkandu