Kikombe cha Kemilembe

Mumtaz, usinipigie. Siwezi kuongea, nalia.

Ule muwasho niliokuambia juzi, nimetoka zahanati sasa hivi. Fangasi tu! Uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, hauna harufu. Nesi kasema ungekuwa na harufu ya samaki, lingekuwa tatizo lingine na dawa nyingine. Nimepewa vidonge vya kuweka ukeni siku sita, na niache kabisa kujiosha ndani kwa sabuni.

Nikapitia kwa Bibi kule Mabatini, nikamsimulia huku nacheka. Bibi hakucheka.

Akaniuliza, "Mweupe? Kama maziwa mgando?"

Mumtaz, dada yake Bibi, Kemilembe, alikuwa na hali hiyo hiyo! Mwaka 1946, kaolewa hapa Mwanza miezi minne tu. Mume akasema kaletewa malaya, akampandisha meli ya Bukoba arudi kwao. Nyumbani nako wakamtengea kikombe chake peke yake, asije akawaambukiza. Kila siku anajisugua kwa sabuni na ndimu, hali inazidi. Hakuolewa tena. Mpaka anakufa alinywea kikombe kile kile.

"Na aliyekuwa anakiosha kando ni mimi," Bibi kasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilikishika kwa jani la mgomba."

Akachukua pakiti yangu ya dawa, akaigeuzageuza.

"Siku sita?"

Ndiyo, Bibi.

"Siku sita tu?"

Kisha akachukua kikombe changu, chai nimeifikisha nusu, akainywa yote.